Mashine Haiguswi Kabla ya Utepe

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, unayemwakilisha Mgeni Rasmi ambaye naye alikuwa anakuja kwa niaba ya mwingine. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi ya Uzinduzi. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Utepe, Kitambaa na Mkasi. Ndugu Katibu wa Kamati ya Kufuatilia Kamati. Masheikh wetu, wachungaji wetu, mapadre wetu, pamoja na wazee wa mila ambao kwenye ratiba mmesahaulika lakini kwenye viti mmeonekana. Wazee maarufu, na wazee ambao umaarufu wenu bado uko kwenye mchakato. Mabalozi wa nyumba kumi wa Miyuji. Wafanyabiashara wa nafaka wa Majengo mliofunga maduka baada ya kuombwa kwa msisitizo. Akina mama wa ngoma ya muheme, ambao mmepiga mpaka vumbi likasimama. Waandishi wa habari, hususan yule mwenye kamera. Watumishi wa hospitali hii. Na ninyi wagonjwa, ambao leo mmetolewa wodini mkaja kukaa chini ya hema hili na hivyo kupandishwa hadhi kutoka wagonjwa na kuwa wananchi: itifaki nimeizingatia yote, na kama yupo niliyemruka basi ajitaje mwenyewe moyoni, nami nitaitika. (Makofi.)

Niwasalimu kwa Kigogo: Mbukwenyi! (Mbukwaaa!) Mbukwenyi tena! (Mbukwa.) Mara ya pili mmepoa kidogo, lakini kwenye taarifa itaandikwa kwamba mwitikio ulikuwa mkubwa.

Kwa wale wachache ambao kwa bahati mbaya hamnifahamu, mimi ni Abeli Ndahani, Mratibu wa Kanda wa Mpango Mkakati Jumuishi na Endelevu wa Kusogeza Huduma ya Ultrasaundi Kando ya Kitanda cha Mtoto Anayehitaji Huduma ya Dharura, ambao tumezoea kuuita Mpango, kwa sababu tulipojaribu kuunda kifupi chake tulipata neno refu kuliko jina la kijiji chochote cha Ugogo na Katibu wangu akashindwa kulitamka mbele ya wageni. Nimekuwa Mratibu kwa miaka minne. Katika miaka hiyo minne sijawahi kukosa kikao hata kimoja, na vile ambavyo havikuwepo niliviitisha mwenyewe. (Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu wananchi, tujiulize, tulikotoka ni wapi? Tulikotoka ni kubaya. Zamani mtoto akiletwa hapa anahema, tumbo limejaa, macho yamegeuka, mama analia, daktari alikuwa hana namna ya kujua kilichomo ndani ya yule mtoto ila kwa kumgonga kifua na kuweka sikio kama anayenunua tikiti maji sokoni. Mtoto huyo alibebwa kupelekwa chumba cha picha, korido tatu, ngazi mbili, na akifika anaambiwa mwenye ufunguo kaenda kunywa chai. Sasa Mpango unasema hapana. Mpango unasema mtoto asiifuate mashine, mashine imfuate mtoto. Daktari anaivuta kama anavyovuta kiti, anapaka jeli, anapapasa, na palepale kitandani anaona maji yako wapi, damu iko wapi, utumbo umejikunja wapi, moyo unapigaje. Dakika mbili! Wataalamu wanaiita pointi ofu kea, yaani kuna pointi, halafu kuna kea, na sisi katika Mpango tumeanza na pointi. (Makofi.)

Na mashine yenyewe ni hii hapa kulia kwangu, chini ya kitambaa cha bluu, nyuma ya utepe wa kijani na njano. Naomba msiikaribie. Naomba muitazame kwa mbali na kwa heshima, kama mnavyomtazama bibi harusi ambaye shela bado haijafunuliwa.

Niwape takwimu, maana hotuba isiyo na takwimu ni salamu tu. Mwaka juzi, watoto waliopimwa kwa mashine hii katika hospitali hii walikuwa asilimia sifuri. Kutokana na jitihada za Mpango, mwaka jana idadi hiyo tuliizidisha mara mbili, na mwaka huu mara tano. (Makofi. Mtu mmoja nyuma anacheka, anatazamwa na mlinzi, anaacha.) Mpango ulilenga vituo tisa katika kanda yetu hii ya kati. Vinane tumekwisha kuvizindua, hiki ni cha tisa, na kwa hiyo ninavyozungumza tuko asilimia themanini na nane nukta tisa, na mkasi ukishapita hapa tutakuwa mia. Watumishi arobaini na wawili wamejengewa uwezo kwa siku tano, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, katika maeneo ya kusimama kando ya mashine, kushika sinia la mkasi, na kutabasamu kitaalamu. Nasikitika kwamba Daktari Lydia, daktari wa watoto wa dharura wa hapa, hakuhudhuria hata siku moja. Nilipomwuliza sababu, akaniambia alikuwa na wagonjwa. Vijana wetu wana visingizio.

Naona naletewa kikaratasi. Tena kimetoka kwa huyohuyo. Niwasomee, maana Mpango huu ni wa uwazi: “Mratibu, shikamoo. Kuna mtoto wa miaka minne mstari wa tatu, mishipa ya shingo imevimba, anahema kwa shida sana. Naomba mashine sasa hivi. Lydia.”

Marahaba, binti yangu. Mmeona, wananchi? Haya ndiyo tunayoyaita mahitaji halisi yanayoibuliwa na jamii yenyewe! Hatujamaliza hata utangulizi, tayari wadau wanaulizia huduma! (Makofi.) Daktari, ombi lako limepokelewa, na litafanyiwa kazi mara baada ya utepe.

Na hapa lazima nitoe elimu kidogo, maana naona nyuso za watu wasioelewa kwa nini mashine haiguswi kabla ya utepe. Ndugu zangu, kitu ambacho hakijazinduliwa, kiserikali, hakipo. Unaweza kukiona, unaweza kujigonga nacho mguu ukaumia, lakini hakipo. Kuna mwaka tulichimba kisima upande wa kusini, mnajua wenyewe ukame wa huko, ng'ombe wanalamba mawe. Wananchi wakaamka alfajiri ya siku ya uzinduzi wakachota maji kabla ya mgeni kufika. Ikabidi nisimamie mwenyewe zoezi la kuyarudisha, ndoo kwa ndoo, mpaka kisima kikawa hakijachotwa. Walinilaani, lakini taarifa ilitoka safi. Na katika kituo cha pili cha Mpango huu, muuguzi mmoja mwenye haraka aliivua mashine kitambaa akampima mtoto dakika kumi kabla ya mkasi. Picha za gazeti zikaonyesha mgeni rasmi anakata utepe huku nyuma yake kuna kitoto tumbo wazi, kimepakwa jeli, kinalia! Tangu siku hiyo nikatoa Waraka Namba Nne, na waraka huo sitauvunja mimi niliyeuandika.

(Sauti ya mama, mstari wa tatu: “Mheshimiwa, mwanangu anakata pumzi!”)

Asante sana, mama. Simama tukuone. Hapana, mtoto mwachie jirani, wewe simama. Basi, simama naye. Unaitwa nani, mama?

(“Naitwa Sikudhani, mama yake Rehani huyu. Nimetoka kijijini, njia ya Kondoa, nimepanda basi la kwanza.”)

Mmesikia? Mmesikia, waandishi? Andikeni! Mwananchi ametoka njia ya Kondoa, kapanda basi la kwanza, kilomita zaidi ya mia moja, na mtoto mgongoni, kuja kushuhudia uzinduzi! (Makofi. Vigelegele.)

(“Sijaja uzinduzi, baba yangu. Nimeambiwa mashine imeletwa huku, nikaifuata.”)

Imeletwa, mama, imeletwa! Hata huko vijijini habari za Mpango zimefika! Nakuteua hapa hapa kuwa Mnufaika wa Kwanza. Utapigwa picha na Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, na huyo mtoto, kama atakuwa macho, atashika ncha ya utepe. Kaa, mama. Mleteeni maji.

Nikiendelea. Mpango huu una nguzo tano. Nguzo ya kwanza ni utashi. Nguzo ya pili ni uratibu, ambayo ndiyo mimi. Nguzo ya tatu ni wadau, na hapa nipende kusema kwamba wadau wametuunga mkono kwa mawazo, kwa maoni, kwa barua nzuri sana zenye nembo za rangi. Nguzo ya nne ni fulana, na naona nyingi mmezivaa, ingawa kwa wale wa saizi kubwa tunaomba radhi. Nguzo ya tano ni ziara za mafunzo. Mimi na wenzangu wanne tulikwenda nje kujifunza jinsi wenzetu wanavyomtibu mtoto wa dharura; tulikuta watoto wanatibiwa haraka mno kiasi kwamba hatukupata muda wa kupiga picha. Hilo tuliliona kama changamoto, na tumehakikisha kwetu halitatokea. (Makofi hafifu.)

Kikaratasi cha pili. Mwandiko umeharibika kidogo. “Mratibu, nadhani maji yameuzunguka moyo wa mtoto, yanaubana. Lazima niyatoe kwa sindano. Nikichoma bila kuona nitauchoma moyo wenyewe. Nikingoja, utasimama. Ile mashine ya chumba cha picha ilikufa tangu Pasaka. Hii yako iko hatua tano kutoka alipo mtoto. Nakuomba.”

Kwanza, barua hii haina kumbukumbu namba. Pili, haina tarehe. Tatu, haikupitia kwa Katibu. Lakini mimi si mtu wa kuangalia fomu tu, mimi ni mtu wa suluhisho, na suluhisho ni rufaa: mtoto apelekwe hospitali kubwa mjini kwa gari la wagonjwa. Gari la wagonjwa liko wapi? Naambiwa liko kwenye msafara. Limebeba viti na soda, na mbele yake kuna magari sita, na kwa utaratibu hakuna gari linalochomoka kabla ya Mgeni Rasmi. Basi bajaji. Naambiwa bajaji zote zimesimamishwa mbali na geti, kwa usalama wa msafara, kwa agizo la... kwa agizo langu. Sawasawa. Ndiyo maana nasema Mpango una kila kitu, isipokuwa njia ya kutokea.

(Minong'ono. Mzee mmoja wa mbele anasema kwa sauti: “Kata huo utepe, mwanangu, mtoto atakufia.”)

Mzee wangu, shikamoo. Utepe unakatwa baada ya hotuba. Hotuba ina kurasa kumi na nane. Tuko ukurasa wa saba. Siwezi kuruka kurasa, zimepitishwa na kamati tatu. Lakini kwa heshima yako nitasoma kwa kasi. Ifikapo miaka ishirini ijayo kila mtoto wa kanda hii atakuwa na mashine yake na kila mashine itakuwa na mtoto wake, na itakapofika hapo tutakuwa tumevuka lengo, na tukishavuka lengo tutaweka lengo jingine nyuma yake ili nalo tulivuke, na katika kipindi hichohicho tutaimarisha, tutaboresha, tutahuisha, tutaainisha, na pale itakapobidi tutaunda kikosi kazi cha kubaini ni nini hasa tulichokuwa tunakiimarisha...

Daktari. Daktari Lydia, unakwenda wapi na huyo mtoto? Daktari, hiyo ni meza kuu!

(Daktari Lydia anasukuma chupa za soda na chombo cha maua ya plastiki, anamlaza mtoto Rehani mezani mbele ya Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ananyanyua kofia yake kumpisha. Mama Rehani anamfuata, kashika kiatu kimoja cha mtoto.)

Binti yangu, nakuonya mbele ya vyombo vya habari. Hicho kitambaa usikiguse. Kamati Ndogo, mko wapi? Mshikeni! Mshikeni kwa staha! Utepe, jamani, utepe!

(Daktari anauinua utepe, anapita chini yake, anakivuta kitambaa. Mashine inaonekana. Hadhira inasimama.)

Wananchi, naomba mkae. Kitambaa kimeanguka kwa upepo. Dodoma yetu mnaijua kwa upepo.

(Mama Rehani: “Wallahi hii ni yetu!”)

Ni yenu, mama, ni ya wananchi wote.

(“Si ya wote, ni ya kituo chetu! Tazama hii tepu ya njano kwenye waya, Nesi Devota kaizungushia mwenyewe mwaka jana, panya waliila. Mwezi uliopita mlikuja na gari mkasema inakwenda kuhakikiwa. Jumanne mwanangu kaanza kuhema, Nesi kanambia, Mama Rehani, ningekuwa na ile mashine yangu ningemtazama humu humu ndani. Ndiyo nikapanda basi kuifuata. Yetu hii!”)

Mama, mashine hizi zinafanana. Kiwandani wanazitoa kwa... kwa tepu. Ni muundo. Na wewe Daktari, hata ukiisogeza haitawaka, kwa sababu hapa chini ya hema kuna soketi moja tu, na soketi hiyo inatumiwa na kipaza sauti ninachozung...

(Daktari anachomoa waya wa kipaza sauti. Spika zinanyamaza. Anachomeka mashine.)

Alo? Alo? Mnanisikia? Hawasikii. Wa mbele tu ndio mnanisikia. Basi nizungumze na ninyi wa mbele. Fundi! Fundi hayupo? Yupo, lakini ndiye aliyeshikilia kichwa cha mtoto.

(Kioo cha mashine kinawaka. Daktari, kwa sauti ya chini, kwa mama: “Sogea uone. Hiki kinachopigapiga katikati ndicho moyo wake. Hii nyeusi inayouzunguka ni maji. Sasa nayaona. Mshike mikono, mama, usiiachie.”)

Niseme tu, maana lazima mtu aseme. Kimya hiki mimi sijakizoea. Mambo mengi nimeyazindua, barabara, vyoo, kalenda, lakini ndani ya kifua cha mtu sijawahi kuona. Ni kadogo, hako kamoyo. Ninyi mnakaona? Kako pale, kanajitahidi, kama kifaranga aliyefunikwa na bakuli. Nina mjukuu wa umri huu, anaitwa Gladness, anakaa Miyuji hapo na mama yake, jana alinikalia mapajani akala zabibu zangu zote. Nikikumbuka nimesoma kurasa saba. Saba nzima, huyu akiwa amekaa mstari wa tatu. Mungu wangu, naogopa. Hiyo ya mwisho msiiandike.

(Daktari anachoma sindano. Maji yanaingia kwenye bomba, bomba la kwanza, la pili, la tatu. Mama Rehani anasoma dua. Mchungaji mmoja amefumba macho. Akina mama wa muheme wamezikumbatia ngoma zao zisitoe sauti. Mtoto anakohoa. Anavuta pumzi ndefu. Analia kwa nguvu.)

(Vigelegele. Ngoma. Hadhira yote imesimama. Mwandishi wa muhtasari huu naye analia, na anaomba radhi kwa wajumbe.)

Asanteni! Asanteni sana! Asanteni kwa makofi hayo, nimeyapokea kwa unyenyekevu mkubwa! Kama mlivyojionea wenyewe, Mpango umefanya kazi! Chini ya uongozi wangu, mtoto amepimwa, maji yametolewa, na muda uliotumika, ukiondoa hotuba, ni dakika nane! Mwandishi wa habari, ulipiga picha nikiwa upande gani? Basi nisogee upande huu, upige tena, na mtoto alie tena kidogo.

Daktari, sasa ungenirudishia soketi yangu. Hapana? Unasema yanaweza kujaa tena, na lazima umwangalie kila baada ya saa moja mpaka kesho? Sawa. Nitatumia koo langu. Utepe naona bado uko mzima, wewe umepita chini yake, ahsante kwa hilo, angalau kuna kitu umekiheshimu. Mheshimiwa Mwakilishi, kata. Kata tu. Haya, umekatika! Asilimia mia moja! (Mtu mmoja anapiga makofi. Ni Katibu.)

Nikisema “Mashine kando ya kitanda”, mnaitikia “Na mtoto apone!” Mashine kando ya kitanda! (Kimya.) Nikisema “Mpango”, mnasema “Daima mbele!” Mpango! (Sauti moja: “Gani?”) Nikisema “Mratibu”... Basi hiyo tuiache.

Nimalizie kwa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru. Nawashukuru watumishi wa kituo cha Mama Rehani, na kwa namna ya pekee Nesi Devota, kwa kuiachia mashine yao hii, waliyopewa na wahisani wao wenyewe, ili isaidie katika zoezi la uzinduzi katika vituo vyote tisa. Navishukuru vituo vinane vilivyotangulia kwa kuipokea saa tatu asubuhi na kuiaga saa saba mchana bila manung'uniko. Naishukuru Kamati ya Manunuzi, ambayo kwenye andiko la mradi, pale palipoandikwa mashine, iliweka kwa uangalifu maneno “italetwa na wadau”. Na nawashukuru wadau, ambao kwenye barua zao, palepale, waliweka maneno “italetwa na Mpango”. Kwa hiyo hakuna aliyekosea, na mashine haikununuliwa. Nawashukuru walioshona kitambaa. Kitambaa ni chetu. Mkasi ni wetu. Utepe huwa tunauunganisha kwa pini, na tunaendelea nao.

Na sasa, kwa kuwa wakati si rafiki, tuna ombi la kituo cha kumi, ambacho hakikuwepo kwenye Mpango lakini kimeonyesha moyo, na wageni wake wamekwisha kukaa, wanatusubiri saa nane. Dereva Joel! Rudisha gari nyuma hapa mpaka kwenye hema. Joel, teremka, kunja waya, funika, pakia, taratibu na hicho kioo. Daktari, mwachie Joel. Mama Rehani, mkono wako uko juu ya mashine, mama, utauondoa.

(Mama Rehani: “Sitauondoa.”)

Mama, mtoto si amepona?

(“Kapata pumzi. Hajapona. Daktari kasema mpaka kesho. Na ikitoka hapa, inarudi kwa Nesi Devota, nami nitakuwa ndani ya basi hilohilo nimeipakata. Wewe una mkasi, baba. Kazindue mkasi.”)

(Kicheko. Mzee wa mbele anavuta kiti chake, anakiweka kati ya mashine na gari, anakaa. Wenye maduka ya Majengo wanavuta vyao. Akina mama wa muheme wanavuta vyao. Daktari Lydia hajageuka, anatazama kioo.)

Joel? Joel, mbona umezima gari? Nimesema pakia. Mbona funguo unampa Daktari? Unakwenda kukaa wapi, Joel?

(Dereva Joel anakaa.)

Naam. Basi iandikwe kwenye muhtasari kwamba mashine imebaki kando ya mtoto mpaka kesho, kisha itarudi kwenye kituo chake, na kwamba wazo hilo lilitolewa na Mratibu. Kituo cha kumi wapigiwe simu, waambiwe wazindue kitambaa. Asanteni kwa kunisikiliza, na kama kuna mwenye nafasi kwenye bajaji, mimi naelekea mjini.